Marehemu Aliyerudishwa Mlangoni

Sehemu ya Kumi na Moja: Mstari wa Saba

Kidole cha Hilary bado kipo pale pale tulipokiacha Jumamosi iliyopita, juu ya mstari wa saba, na hakijatikisika.

Mliokosa gazeti, shauri yenu, lakini nitawasogeza kidogo. Hilary Stansfield ni afisa leseni wa halmashauri yetu ya Aldershaw. Asubuhi hii ya Jumatatu kamati ya leseni imekaa kuamua kama kampuni ya Pellam iruhusiwe kuendesha nyumba yake ya kamari ya Mtaa wa Soko usiku na mchana, bila kufunga. Wakili wa Pellam kachomoa ushahidi wa dakika za mwisho: nakala ya daftari la mlangoni. Humo wameandikwa watu waliojipiga marufuku wenyewe, waliojaza fomu na kutoa picha zao wakasema, nikija msiniingize, halafu wakaja, na wakarudishwa.

Mstari wa saba wa ukurasa wa mwisho unasema hivi: Desmond Royle, miaka hamsini na nne. Tarehe kumi na nne Novemba, saa nane na dakika ishirini mchana. Amerudishwa.

Tarehe kumi na nne ilikuwa wiki jana tu. Na Desmond Royle yuko makaburini, kule kilimani nyuma ya kiwanda cha pamba kilichokufa, na siku hiyo ndiyo alitimiza miaka miwili tangu afe. Hilary anajua, maana ndiye aliyechagua tai aliyozikwa nayo. Desmond alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Basi twende.

Hilary aliondoa kidole, akakificha chini ya meza. Ukumbini hakuna aliyejua. Desmond alikuwa akiishi ng'ambo ya mto, Hilary akitumia jina la mumewe, na fomu ya kuuliza kama afisa ana maslahi yoyote katika shauri hili aliijaza mwezi wa Septemba kwa neno moja: sina. Mnakumbuka nilivyomlaani siku ile. Alitaka faili liwe mikononi mwake, lisiende kwa mwingine, kwa sababu ya swali moja lililokuwa likimla miaka miwili.

Swali lenyewe ni hili. Siku ile Desmond alicheza, au hakucheza?

Siku mbili kabla ya kifo chake alikuja kwa dada yake, koti lake la kijani limechanika kiwiko. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, Hilary akamshonea kwa mwekundu. Akiwa anashona, Desmond akamwapia kwamba mashine za Pellam hatazigusa tena maisha yake yote. Tarehe kumi na nne, jioni, dereva wa basi akamkuta ameketi kituoni, moyo umesimama, macho yanatazama ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara ni mlango wa Pellam.

Hilary hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alihesabu kuwa amedanganywa mpaka mwisho. Kanisani mchungaji alipomwomba aseme neno la kumuaga mdogo wake, alijibu kwamba hana. Kwenye jiwe la kaburi akachongesha jina na tarehe, basi, hata neno mpendwa hakuweka. Polisi walipomuuliza mara ya mwisho kusikia sauti ya marehemu ni lini, aliwaambia ni siku ile ya kushona koti. Nami nimewaandikia hivyo hivyo tangu sehemu ya kwanza.

Lakini tangu faili litue mezani kwake, Hilary hayuko peke yake. Kuna harufu ya peremende inayomtangulia kwenye ngazi za ofisi, zile za kijani alizokuwa akimung'unya Desmond badala ya sigara. Kuna koti lile lile, ambalo amelitundika nyuma ya mlango wa nyumba yake. Asubuhi mbili amelikuta limelowa mabega, na paa halivuji.

Na sasa jina lake kwenye daftari.

Mbele ya kamati alikuwa amesimama Julian Prothero, wakili wa Pellam, mtu wa suti ya bei na maneno laini. Alikuwa akiwakumbusha madiwani watatu kwamba sheria ya kamari haiwaulizi wanapenda au hawapendi. Inawataka waelekee kuruhusu. Kuchukia kamari si sababu. Wingi wa maduka ya kamari si sababu. Na kama hofu ni kwamba wanyonge wataumia, basi someni daftari, waheshimiwa: watu arobaini na mmoja wamerudishwa mlangoni tangu Aprili. Wapi pengine mtaona mfanyabiashara anayewafukuza wateja wake mwenyewe?

Kabla yake alikuwa amesema Ellis, kinyozi wa Mtaa wa Soko, kwa niaba ya majirani kumi na saba waliotia saini. Alisema mtaa una nyumba tano za kamari na mwoka mikate hata mmoja hauna, na kwamba mkewe akitaka mkate anapanda basi, lakini akitaka kufilisika anavuka barabara tu. Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Mwenyekiti ni Diwani Winifred Ackroyd, aliyeuza nyama sokoni miaka thelathini kabla ya siasa, na mpaka leo anaongea kama anayekata mfupa. Alimwambia Ellis kwamba hata yeye anaukumbuka huo mkate, lakini sheria haina sikio la mkate. Ina mlango mmoja tu wa kutokea: uonyeshe kwamba mahali pale panashindwa kumlinda mtu dhaifu. Uonyeshe kwa kitu, si kwa kisirani. Ellis akakaa.

Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Hilary akasoma tena mstari wa saba, safari hii mpaka mwisho, kwenye safu ya maelezo ambayo mara ya kwanza macho yake hayakuifikia.

Koti la kijani. Kiwiko cha kulia kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Picha ya Desmond iliyokuwa kwenye albamu ya Pellam ya waliojipiga marufuku ilipigwa mwaka mzima kabla ya koti kuchanika. Huwezi kunakili uzi mwekundu kutoka kwenye picha isiyo nao. Aliyeandika mstari huu alikuwa ameuona uzi ule kwa macho yake, na uzi ule ulikaa kwenye mwili wa Desmond siku mbili tu.

Peremende zikanukia. Hilary akageuka bila kutaka. Nyuma yake kulikuwa na viti vya wananchi, Ellis, bibi mmoja anayefuma sweta, na mlango wa kioo uliofungwa. Kwenye kioo, kwa nje, palikuwa na ukungu wa pumzi, kama mtu aliyesogeza uso kutazama ndani.

"Bi. Stansfield," mwenyekiti akaita. "Afisa leseni ana la kufafanua kabla hatujaenda kuamua?"

Hapo ndipo angeweza kusema hana. Neno moja, lile lile la mwezi wa Septemba, na kazi yake ingebaki salama na pensheni yake pia, imebaki miaka minne.

"Swali moja, mheshimiwa mwenyekiti," akasema. "Nataka kujua daftari linaandikwa lini na nani."

Aliyeinuka kujibu hakuwa wakili. Alikuwa Neville Cawthra, mkuu wa kanda wa Pellam, bwana mwembamba mwenye sauti ya taratibu kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Akaeleza kwamba mtu akirudishwa, kalamu inashikwa papo hapo, na anayeandika ni yule aliyemwona. Mmoja wa walioandika kurasa hizi amekuja naye, tena ni mfanyakazi wa miaka mingi na mfano kwa wenzake. Akamwonyesha kwa mkono.

Lorraine Lumb akasimama. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi kwa ajili ya leo. Walikuwa wamemleta kama ua la mezani, hakutarajiwa kusema.

"Bi. Lumb," Hilary akasema, "mtu wa mstari wa saba ulimwona?"

"Nilimwona."

"Wiki jana?"

Lorraine akamtazama Cawthra, kisha akatazama viatu vyake.

"Nilimwona," akarudia.

Wiki jana hakuisema. Prothero alilisikia pengo hilo kabla ya kamati kulisikia, akaingia haraka na tabasamu, akasema shahidi ameshathibitisha mara mbili na hakuna sababu ya kumchosha. Mwenyekiti alikuwa tayari anakusanya karatasi zake.

Hilary akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Mtu huyu amekufa, mheshimiwa. Ana miaka miwili kaburini."

Kalamu ya mwandishi wa kamati ikasimama. Prothero akacheka kidogo, akasema majina yanafanana duniani. Lakini Diwani Ackroyd hakumwangalia Prothero, alimwangalia Hilary kama anavyoangalia mzani.

"Umejuaje wewe?"

Mficha uchi hazai, wasomaji wangu. Hilary akavuta pumzi.

"Ni mdogo wangu. Nilimzika mimi."

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoweza kugeuka ndani ya dakika moja. Mlidhani Pellam wamekwisha, eti? Hata kidogo. Prothero alikuwa wima kabla bibi wa sweta hajaokota sindano yake iliyoanguka. Akasema, kwa masikitiko makubwa ambayo hayakufika machoni, kwamba kamati imesikia kwa masikio yake. Afisa aliyeandaa taarifa nzima ni ndugu wa mtu mwenye kisa na Pellam, amelificha hilo, na ametia saini fomu ya uongo. Taarifa yake haina thamani tena, itupwe. Kuhusu mstari wa saba, hilo ni kosa la kalamu, mtu kachanganya majina, na mistari arobaini iliyobaki ni safi.

Mwenyekiti alimuuliza Hilary kama ni kweli alijaza kwamba hana maslahi. Akajibu ni kweli. Aliulizwa kwa nini, akasema alitaka kujua mdogo wake alikufaje. Hapakuwa na jibu jingine, na hilo halikutosha.

"Mmoja ameniletea maiti kwenye daftari," Diwani Ackroyd akasema, "na mwingine ameniletea uongo kwenye fomu. Dakika kumi na tano, wote. Wewe, Bi. Stansfield, acha kitambulisho chako kwa mwandishi. Ukirudi humu, rudi kama shahidi, na uwe na kitu mkononi. Huna kitu, usirudi, na nitaamua kwa yale niliyonayo."

Na aliyonayo, kila mtu alijua, yanatosha kuwapa Pellam usiku na mchana.

Hilary akavua kitambulisho shingoni. Miaka ishirini ya kazi za halmashauri, mitatu hapa na kumi na saba kwingine, ikalala juu ya meza pamoja na vikombe vya chai.

Aliingia choo cha wanawake kilicho mwisho wa ukumbi mdogo, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke bila kunawa. Alilia, ndiyo, sitawaficha. Si kwa ajili ya kazi. Alikuwa amejiangamiza kwa ajili ya swali, na swali bado lilikuwa pale pale.

Akafungua pochi kutafuta kitambaa, na vidole vyake vikakuta zile picha. Mnazikumbuka: picha ndogo za pasipoti ambazo polisi walizikuta kwenye mfuko wa marehemu. Mashine ya picha ya stesheni hutoa nne kwenye karatasi moja. Desmond alikutwa na tatu, ya nne imechanwa. Hilary hakuwahi kuelewa zilikuwa za nini. Desmond hakuwa na safari, hata pasipoti hakuwa nayo. Lakini pichani amekaa wima, amechana nywele, koti la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni, kama mtu anayeomba kazi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Lorraine.

Alichungulia chini ya milango ya vyoo kuhakikisha hamna mtu, kisha akaegemea ukuta wa vigae. Blauzi yake nyeupe ilikuwa imelowa jasho.

"Sikujua ni mdogo wako," akasema. "Naapa sikujua. Sikujua hata kama kuna mtu alimlilia."

Hilary alimuuliza kitu kimoja tu, daftari ni la kweli au la uongo.

Lorraine akamwambia yote. Daftari la kweli lilikuwa na mistari mitatu kwa mwaka mzima, maana aliyejipiga marufuku akija na pesa mkononi ni nani atamrudisha? Ijumaa jioni Cawthra aliwakalisha wafanyakazi wanne, akaweka albamu ya picha mezani, akagawa kalamu za rangi tofauti ili isionekane yote yameandikwa siku moja. Kila mmoja achague nyuso, kila mmoja abuni siku. Albamu haijasafishwa miaka. Waliohama wamo, na waliokufa wamo. Hakuna aliyeuliza.

"Wengine niliwabuni," Lorraine akasema. "Huyu sikuweza. Nilipofika kwenye sura yake mkono uliandika wenyewe. Koti, uzi, saa. Hata tarehe. Kila mwaka ikifika kumi na nne silali, dada. Naona mtu amesimama kwenye kioo."

"Kwa hiyo alikuja." Hilary akamgeukia. "Siku ile alikuja kucheza."

"Nani kakwambia alikuja kucheza?"

Maji yaliendelea kutiririka. Hilary akafunga bomba.

Marufuku ya Desmond, Lorraine akaeleza, ilikuwa ya miezi kumi na miwili, na ilikuwa inakwisha siku ile saa sita usiku. Alikuja saa nane mchana kuifunga upya. Alikuwa na peremende mdomoni na mvua imemlowesha, na alisimama nje ya mlango, ncha za viatu nyuma ya mstari wa njano uliochorwa mlangoni, hakuuvuka hata kwa bahati mbaya. Akasema, naomba mwaka mwingine.

Lorraine akamwendea Cawthra, ambaye wakati huo alikuwa meneja wa duka. Cawthra akasema kanuni ni kanuni. Fomu hujazwa ofisini, mbele ya meneja. Ofisi iko ndani. Na aliyepigwa marufuku haruhusiwi kuingia ndani.

"Nikamwambia, bosi, si umtokee hapo mlangoni, hatua kumi tu? Akasema fomu haitoki dukani, na tena picha ya mwaka jana imechakaa, alete mpya. Nikajua anamzungusha. Mdogo wako akaenda stesheni na mvua ile, akarudi na picha hazijakauka. Cawthra akatuma jibu jingine. Akasema, mwambie aje kesho. Kesho marufuku itakuwa imekwisha, ataruhusiwa kuingia, na akishaingia atasaini."

Hilary alihitaji muda kuielewa sentensi hiyo. Ili mtu afungiwe mlango, sharti kwanza aingie. Apite mashine zote nane, siku ya kwanza ya uhuru wake, mfuko una mshahara, akasaini karatasi kule nyuma.

"Alisema nini?"

"Hakubisha. Alisema, mama, kesho nikiingia humo sitafika kwenye meza yenu." Lorraine akajifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Mimi nikaiba fomu, nikampenyezea kwenye tundu la barua. Akaenda kuijazia kituo cha basi. Akarudi, akaisukuma chini ya mlango na picha moja. Cawthra akaiokota. Aliisoma mbele na nyuma, akasema haihesabiki, haikusainiwa mbele yake, akaitupa. Mdogo wako akarudi kule kituoni, akakaa anatazama mlango. Mabasi yalipita matatu. Nikasema moyoni anangoja la nne."

Hakucheza.

Hilary aliketi kwenye ukingo wa beseni la kunawia, mzima mzima, sketi ikalowa. Hakucheza. Aliapa wakati sindano ikiwa kwenye kiwiko chake, na siku mbili baadaye alikuwa amesimama mvuani akilipigania neno lake, na dada yake akamchongeshea jiwe lisilo na neno. Alilia sasa kilio kingine, cha chini, cha mtu anayemwomba radhi asiyemwona. Lorraine akamshika bega.

Kisha Lorraine akafungua mkoba wake. Kutoka kwenye bahasha ya zamani akatoa karatasi iliyokunjwa nne, kingo zimepata rangi ya chai.

"Niliiokota kwenye pipa jioni ile, walipokuwa wanamfunika kule kituoni. Sikujua naiweka ya nini."

Ilikuwa fomu. Jina, anwani, muda anaoomba. Palipoandikwa muda, Desmond alikuwa amekata miezi kumi na miwili akaandika: daima. Saini yake chini. Na kwenye kona, imebanwa kwa pini, picha ndogo ya mtu aliyechana nywele na kufunga vifungo vyote. Hilary akazisogeza zile tatu zake karibu. Mchaniko ukakutana na mchaniko.

Kitu mkononi, alisema mwenyekiti. Hiki hapa kitu.

Mlango ukasukumwa, ukaishia nusu.

"Lorraine," ikasema ile sauti ya kubembeleza. "Hiyo karatasi ni mali ya kampuni. Nipe."

Cawthra alikuwa amesimama nje, mkono mmoja umeshika mlango. Alitazama ndani, akatazama kibao cha choo cha wanawake kilichobandikwa mlangoni mbele ya uso wake, akasita. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimegota kwenye kizingiti.

Hilary akainuka, akasogea mpaka wakawa uso kwa uso.

"Hapa huingii, Bwana Cawthra," akasema. "Kanuni ni kanuni."

Ningependa niwaambie kwamba alinywea. Alitabasamu. Alisema hana haja ya kuingia, wala hamkatazi kuipeleka karatasi ile kwa kamati. Ila mwenyekiti yule ni mama makini, husoma kila kitu pande zote mbili. Yeye Cawthra mwenyewe aliwahi kuisoma, na leo tu, baada ya kusikia neno mdogo wangu kule ndani, ndipo upande wa pili umemwingia akilini.

"Umesoma nyuma, Bi. Stansfield?"

Akaachia mlango, ukajifunga wenyewe.

Lorraine aliinamisha macho. Ilionekana na yeye alikuwa ameusoma.

Hilary akaigeuza karatasi. Kalamu ya risasi, mwandiko wa Desmond, herufi zimeinama kushoto kama alivyokuwa akiandika tangu shule. Ilikuwa mistari michache, labda aliiandika wakati anajaza fomu kituoni, labda hakukusudia isomwe. Ilianza hivi:

Saa tisa nimempigia dada aje anisimamie mlangoni, akija yeye watanisikiliza. Kabla sijamwambia ni la nini, akasema

Hapo Hilary akaikunja. Hakuendelea. Hakuwa na haja ya kusoma alichosema, alikikumbuka neno kwa neno, pamoja na jinsi alivyokata simu baada ya kukisema.

Naam. Simu ilipigwa, na ilipokelewa. Polisi waliambiwa vingine, nanyi mliambiwa vingine, nami niliyeandika sehemu kumi nilimwamini kama nyie.

Chumba chote kilikuwa kinanuka peremende. Nje, mwandishi wa kamati alikuwa anapita akigonga milango, anaita kwamba dakika zimekwisha, mwenyekiti ameshakaa, shahidi kama yupo aje na alicho nacho.

Karatasi ile ikibaki hapa, kesho Pellam hawafungi tena milango. Ikiingia ukumbini, itasomwa kwa sauti, mbele na nyuma, pamoja na simu aliyowaficha polisi.

Lorraine alimuuliza kama wanakwenda. Hilary alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, upande wa nyuma ameugeuzia kifuani kwake.